Ukarimu wa Kikristo Nachingwea na Ruangwa

Ukarimu wa Kikristo Nachingwea na Ruangwa ni utoaji wa mali, kazi na muda unaofanywa na Wakristo wa wilaya hizo mbili za Mkoa wa Lindi, kusini mashariki mwa Tanzania, kama sehemu ya imani yao. Unajumuisha sadaka na zaka zinazotolewa kanisani, misaada kwa wagonjwa, wajane, yatima na wafiwa, kazi za kujitolea, ukaribishaji wa wageni na ukopeshaji wa chakula au fedha bila riba.

Wilaya hizo ni jirani na zinafanana kwa mazingira. Katika sensa ya mwaka 2012 Nachingwea ilikuwa na wakazi 178,464 na Ruangwa 131,080. Wengi wao ni wakulima wa korosho, ufuta, mbaazi, mahindi, mtama na mihogo. Kati ya makabila ya huko wamo Wamwera, Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo. Waislamu ni wengi katika Mkoa wa Lindi, na Wakristo, hasa Wakatoliki na Waanglikana, wanaishi nao katika vijiji vilevile na mara nyingi katika koo zilezile.

Mambo mawili yanaupa ukarimu wa huko sura yake ya pekee. La kwanza ni kwamba fedha huingia kwa misimu michache ya mwaka. La pili ni kwamba makanisa ya huko yalianzishwa kwa misaada ya watu wa mbali, na waamini wake walitakiwa baadaye kuyategemeza wenyewe.

Maneno yanayotumika

Baadhi ya maneno makuu ya utoaji katika Kiswahili yametokana na Kiarabu na yanatumiwa na Wakristo na Waislamu vilevile, ingawa maana zake hazilingani kabisa.

Sadaka kwa Wakristo ni chochote kinachotolewa kwa ajili ya Mungu, iwe fedha zinazokusanywa wakati wa ibada au msaada kwa maskini. Kwa Wakatoliki na Waanglikana neno hilo linatumika pia kwa adhimisho la ekaristi.

Zaka kwa Wakristo ni fungu la kumi la mapato, au mchango wa mwaka wa kulitegemeza kanisa. Kwa Waislamu ni nguzo ya dini yenye viwango maalumu: mali iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka hutolewa asilimia 2.5, na nafaka iliyostawi kwa mvua hutolewa sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mkulima Mkristo na jirani yake Mwislamu wanaweza kutenga fungu la kumi kutoka mashamba yanayopakana, kila mmoja kwa sheria ya dini yake.

Mchango ni fedha zinazotolewa na wengi kwa lengo moja, kama ujenzi, matibabu au harusi. Ahadi ni kiasi ambacho mwamini anatamka au kuandika kwamba atakitoa baadaye, mara nyingi baada ya mavuno.

Msingi katika Biblia

Sheria ya Agano la Kale iliandikwa kwa watu waliokuwa wakulima na wafugaji, na masharti yake mengi yanahusu shamba. Mambo ya Walawi 19:9-10 inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni au kurudia kuokota masazo, ili maskini na mgeni wapate. Ndivyo Ruthu, mjane wa kigeni, alivyopata chakula Bethlehemu. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inaagiza kwamba kila mwaka wa tatu fungu la kumi libaki mjini kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini anayekopa.

Katika Injili, Yesu alifundisha kwamba sadaka isitolewe kwa kujionyesha (Mt 6:1-4), tena kwamba mtu akopeshe bila kutarajia kulipwa (Lk 6:35). Aliisifu sadaka ya mjane maskini aliyetoa sarafu mbili ndogo, akisema imezidi sadaka za matajiri (Mk 12:41-44). Habari hiyo hutumiwa sana katika mahubiri ya utoaji. Hata hivyo, aya inayotangulia inawalaumu waandishi wanaokula nyumba za wajane, hivyo wafafanuzi kadhaa wanaiona pia kama onyo kwa viongozi wa dini wanaopokea sadaka za maskini.

Mtume Paulo aliandaa mchango mkubwa wa makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya Wakristo fukara wa Yerusalemu. Katika sura za 8 na 9 za Waraka wa Pili kwa Wakorintho alieleza taratibu zake: mtu atoe kadiri ya alicho nacho, kwa hiari na furaha, bila kulazimishwa. Lengo lake halikuwa kuwaelemea watoaji ili wengine wastarehe, ila kuleta usawa, kwa kuwa aliye na ziada leo anaweza kuwa mhitaji kesho.

Katikati ya karne ya 2 Yustino mfiadini alieleza jinsi Wakristo wa Roma walivyotoa kwa hiari kila Jumapili. Makusanyo yaliwekwa kwa kiongozi wa ibada, naye aliwahudumia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Katika karne ya 4 Basili Mkuu alianzisha karibu na Kaisarea ya Kapadokia makao ya kuhudumia maskini na wagonjwa, ambayo yanahesabiwa kati ya hospitali za kwanza za Kikristo.

Historia

Mwanzo wa misheni

Mwaka 1876 askofu Edward Steere wa shirika la kimisionari la Kianglikana la UMCA aliongoza kutoka Zanzibar kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa wakielekea upande wa ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi waliamua kukaa. Kwa hiyo jumuiya ya kwanza ya Kikristo katika eneo hilo, kusini mwa Nachingwea ya leo, ilikuwa ya watu waliowahi kuuzwa kama bidhaa, wasio na ardhi ya urithi wala ukoo wa karibu. Mwaka 1926 Masasi ikawa makao ya dayosisi ya pekee, na askofu wake wa kwanza alikuwa William Vincent Lucas.

Upande wa Kanisa Katoliki, Wabenedikto kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na ya Nyangao mwaka 1896. Zote mbili ziliharibiwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mwaka uliofuata ilianzishwa Ndanda, ambayo ilikua kuwa abasia na kituo cha misheni nyingi za eneo hilo.

Katika kipindi hicho mtiririko wa mali ulikuwa wa upande mmoja. Fedha, dawa, vitabu na nguo zilitoka kwa waamini wa Ulaya, wengi wao wakiwa watu wa kawaida. Wenyeji walitoa ardhi, vyakula na nguvu kazi ya kujenga makanisa, shule na zahanati, na walimu wa dini walitembea vijiji kwa vijiji kwa posho ndogo. Mchango huo haukuhesabiwa katika fedha, hivyo ilikuwa rahisi kuwaona kama wapokeaji tu.

Hospitali ya Mnero

Mfano unaojulikana zaidi wa huduma ya afya iliyotokana na ukarimu huo ni Hospitali ya Mnero, wilayani Nachingwea. Daktari mpasuaji Mwingereza Leader Stirling (1906-2003) alifika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935 akafanya kazi katika misheni ya Kianglikana ya Lulindi. Baada ya kujiunga na Kanisa Katoliki alihamia misheni ya Wabenedikto ya Mnero mwaka 1949, akafanya kazi huko kwa takriban miaka 15 kabla ya kwenda Kibosho, mkoani Kilimanjaro. Aliingia katika siasa, akachukua uraia wa Tanzania, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya.

Hospitali hiyo ni ya Jimbo Katoliki la Lindi na inawahudumia watu wa dini zote.

Wakimbizi wa Msumbiji

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu ya watu walivuka mto Ruvuma kuingia Tanzania. Wengi wao walikuwa Wamakonde na Wamakua, yaani watu wenye lugha na ndugu upande huu wa mpaka. Familia za kusini zilikuwa za kwanza kuwapokea kabla ya makazi rasmi kuandaliwa, mojawapo likiwa Rutamba, mkoani Lindi. Mwaka 1964 lilianzishwa pia shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, ambalo lilifanya kazi pamoja na serikali na Umoja wa Mataifa. Nachingwea yenyewe ilikuwa na kambi kubwa ya mafunzo ya FRELIMO.

Kutoka kupokea hadi kujitegemea

Mwaka 1963 liliundwa Jimbo Katoliki la Nachingwea, na askofu wake wa kwanza alikuwa Arnold Cotey, Mmarekani wa shirika la Wasalvatoriani. Alifuatwa na Polycarp Pengo, ambaye baadaye alikuwa kardinali na askofu mkuu wa Dar es Salaam. Mwaka 1986 jimbo lilipangwa upya na kuitwa Jimbo la Lindi. Upande wa Waanglikana, askofu Trevor Huddleston, aliyejulikana kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, aliongoza Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968, akafuatwa na Hilary Chisonga.

Mabadiliko hayo ya uongozi yalikwenda sambamba na Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea. Ndani ya makanisa ya Afrika swali hilohilo liliulizwa kwa ukali zaidi mwaka 1971, mchungaji John Gatu wa Kenya alipopendekeza misaada na wamisionari kutoka nje wasitishwe kwa muda ili makanisa ya Kiafrika yajifunze kusimama. Pendekezo hilo halikutekelezwa kikamilifu, lakini tangu hapo neno kulitegemeza kanisa limekuwa la kawaida katika mahubiri na mipango ya parokia.

Katika miaka hiyo ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kwamba parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani familia za jirani zinazokutana kila wiki kusali na kusaidiana. Chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania (WAWATA) kilianzishwa mwaka 1972. Kwa Waanglikana, Umoja wa Akina Mama unafanya kazi inayofanana nayo.

Utoaji na majira ya kilimo

Mfanyakazi wa mshahara anaweza kutoa kiasi kilekile kila mwezi. Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa hawezi, kwa sababu eneo lina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na mapato yake hufuata mazao.

Januari hadi Machi ni wakati wa palizi. Akiba ya chakula hupungua na fedha huwa chache.
Aprili hadi Juni mahindi na mtama huvunwa, na chakula hupatikana.
Juni hadi Agosti ufuta huuzwa, kisha mbaazi.
Oktoba hadi Januari ni msimu mkuu wa korosho.

Korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa zao hilo mwaka 2007, na baadaye mfumo huo ulihusisha ufuta na mbaazi pia. Mkulima hupeleka mazao katika chama cha msingi (AMCOS), yanakusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada. Chama kikuu cha ushirika kinachosimamia mauzo ni RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Malipo huingia katika akaunti ya mkulima baada ya makato.

Kwa sababu hiyo ahadi nyingi za kanisani hutolewa kwa masharti ya msimu, na malipo yakichelewa ahadi nazo huchelewa. Mwezi Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za mnada, serikali iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Uhakiki wa wakulima ulichukua muda, na wengine walisubiri fedha hadi mwaka uliofuata. Tukio la namna hiyo linagusa ada za shule na matibabu ya familia, pamoja na posho ya katekista na ujenzi wa kanisa.

Swali lingine ni namna ya kuhesabu fungu la kumi. Kwa mfano, mkulima aliyeuza kilo 500 kwa bei hiyo ya shilingi 3,300 angepata shilingi 1,650,000, ambazo fungu lake la kumi ni 165,000. Lakini ikiwa alitumia shilingi 450,000 kwa salfa ya kupulizia mikorosho, palizi na uokotaji, amebaki na 1,200,000, na fungu la kumi linakuwa 120,000. Baadhi ya wahubiri husisitiza hesabu ya kwanza. Wengine wanakubali ya pili kwa hoja kwamba gharama za shamba hazikuwa mapato.

Namna za utoaji

Sadaka ya mazao. Asiye na fedha huleta kuku, mayai, mahindi, mihogo au kibaba cha ufuta. Katika makanisa mengi ya Tanzania vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Mara nyingine mnunuzi hukirudisha alichonunua ili kinadiwe tena, na kuku mmoja huweza kuuzwa mara kadhaa. Sikukuu ya mavuno ndiyo kilele cha utoaji huo.

Nguvu kazi. Makanisa ya vijijini hujengwa kwa waamini kufyatua na kuchoma matofali, kusomba maji na mchanga, na kuandaa chakula cha mafundi. Kwa kawaida fedha taslimu huhitajika zaidi kwa saruji, mabati na misumari.

Msiba. Jirani akifiwa, watu huleta unga, kuni, maji na rambirambi, na kukaa na wafiwa. Kushindwa kufika msibani huhesabiwa kosa kubwa kuliko kukosa kutoa fedha.

Kuhudumia wagonjwa na wazee. Jumuiya hugawana zamu za kumtembelea mgonjwa, kumlimia mzee asiye na nguvu au kumsindikiza mtu hospitalini.

Kukopesha. Namna hii huonekana kidogo, lakini ina uzito mkubwa kwa uchumi wa kaya. Katika miezi ya njaa, mkulima asiye na chakula au ada ya shule hushawishika kuuza korosho zake zikiwa bado mtini, kwa bei ya chini sana. Biashara hiyo isiyo halali huitwa kangomba. Kwa ufuta inajulikana pia kama chomachoma. Msimu unapofika, sehemu kubwa ya mavuno inakuwa tayari ni ya mlanguzi, na mwaka unaofuata kaya huanza tena na upungufu uleule. Debe la mahindi linalokopeshwa na jirani mwezi Februari, likarudishwa debe lilelile baada ya mavuno, linaweza kuiokoa familia na mzunguko huo. Ndiyo maana agizo la Biblia la kukopesha maskini bila riba lina maana ya moja kwa moja katika eneo hilo, na mfuko mdogo wa jumuiya wenye shilingi elfu chache unaweza kufanya kazi kubwa ukitumika katika mwezi unaofaa.

Ukarimu kati ya Wakristo na Waislamu

Kwa kuwa koo nyingi zina watu wa dini zote mbili, ukarimu wa kila siku hauishii ndani ya kanisa. Wakristo hufika kwenye maziko ya Waislamu na Waislamu kwenye maziko ya Wakristo, wakichimba kaburi na kupika pamoja. Vyakula hupelekwa kwa jirani wakati wa Idi na Krismasi.

Hali hiyo inakubaliana na mfano wa Msamaria mwema (Lk 10:25-37), ambapo aliyetoa msaada hakuwa wa jamii moja ya kidini na aliyesaidiwa. Inakumbusha pia kwamba Mkristo wa huko mara nyingi ndiye anayesaidiwa na jirani wa dini nyingine, na imani yake inamdai kupokea kwa shukrani kama inavyomdai kutoa.

Masuala yanayojadiliwa

Hiari na lazima. Kiwango cha mchango kikipangwa sawa kwa kila kaya, uongozi unaweza kupanga bajeti. Lakini kiwango kilekile ni kidogo kwa mwenye mikorosho mingi na ni kizito kwa mjane mwenye michache. Sheria ya Kanisa Katoliki inawataka waamini kusaidia mahitaji ya Kanisa, na mapokeo yake yanaongeza kwamba ni kadiri ya uwezo wa kila mmoja.

Kutangaza majina. Kusoma hadharani majina na viwango vya waliotoa huongeza makusanyo na kusaidia uwazi wa hesabu. Wanaopinga hutaja agizo la Yesu la kutoa kwa siri, na aibu inayompata aliyekosa.

Injili ya mafanikio. Baadhi ya wahubiri hufundisha kwamba anayetoa zaidi atarudishiwa mali zaidi. Makanisa ya zamani kwa kawaida yanakataa fundisho hilo, yakisema linageuza sadaka kuwa biashara na kumlaumu maskini kwa umaskini wake. Kwa mkulima anayetegemea mvua na bei ya mnada, ahadi ya namna hiyo ina hatari ya pekee, kwa sababu anaweza kutoa mbegu au ada ya shule akitumaini faida isiyokuja.

Ujenzi au watu. Fedha za jumuiya zikiwa chache, mara nyingi jengo hushindana na mfuko wa maskini. Yohane Krisostomo, askofu wa karne ya 4, alikwisha kuwaonya waamini wake wasiipambe altare huku wakimwacha Kristo mwenye njaa nje ya mlango. Swali hilo hurudi kila msimu, halmashauri ya parokia inapopanga kama fedha za korosho zitanunua mabati au zitatunzwa hadi Februari kwa ajili ya kaya zitakazoishiwa chakula.